William Seward, avoka wa mashini na wa watu wasio na feza

Leo tunawaletea maisha ya mutu wa Marekani. Wengi wanamujua juu ya Alaska, ile inchi ya baridi aliyoinunua kwa Warusi. Lakini mbele ya kuwa mukubwa wa serikali alikuwa avoka, na ile kazi njo tunataka kuieleza hapa.

William Henry Seward alizaliwa tarehe 16 Mei 1801 katika kijiji Florida, jimbo la New York. Baba yake alikuwa munganga na mufanya biashara. Alikuwa na watumwa nyumbani, kwani katika jimbo lile utumwa haukuisha mpaka mwaka 1827. William alipokuwa mutoto alipenda kukaa na wale watumwa jikoni na kusikiliza masimulizi yao. Akasoma Union College, akapata ruhusa ya kazi ya avoka mwaka 1822, kisha akaenda kukaa Auburn. Pale akaoa Frances Miller, binti ya avoka aliyemupokea katika biro yake.

Mwaka 1839 akawa guverneri wa New York. Jimbo la Virginia likamuomba awatoe mabaharia watatu weusi waliosaidia mutumwa kutoroka. Akakataa kabisa. Alipoacha kazi ile mwisho wa 1842, madeni yalikuwa yamemufika shingoni. Akarudi Auburn kufungua biro yake tena.

Hapo njo akaingia katika kesi za breve. Breve ni karatasi ya serikali: mutu akivumbua mashini mupya, yeye peke yake ana haki ya kuitengeneza na kuiuzisha. Sheria ya siku zile ilimupa miaka 14. Mwingine akitaka kuitumia, alipe. Izini zilikuwa zinaota kila pahali, na ugomvi juu ya breve ulikuwa mingi. Seward hakuwa fundi. Ilimupasa kujifunza mashini kipande kwa kipande, namna kisu kinazunguka na namna ubao unasukumwa, kusudi aweze kuwaeleza majuji.

Mashini moja iliyoleta vita kubwa tribinali ni ile ya William Woodworth ya kulanda mbao, yenye breve ya mwaka 1828. Woodworth alikufa, na miaka 14 ilipokwisha mwana wake akapewa miaka 7 ya kuongeza. Sasa watu wakauliza: sisi tuliokwisha kulipa ruhusa ya ile mashini, tulipe mara ya pili? Kesi ikapanda mpaka Tribinali Kubwa ya Washington. Mwaka 1846 majuji wakasema mwenye mashini tayari mukononi aendelee kuitumia. Kazi ya namna hii ililipa muzuri, na kwa feza yake Seward akaanza kupunguza madeni.

Lakini mwaka ule ule wa 1846 akashika kesi isiyomupa hata senti moja. Kijana mweusi wa Auburn, William Freeman, alikuwa amefungwa miaka mitano juu ya farasi aliyeibiwa. Siku zote alisema si yeye. Katika gereza la Auburn wafungwa walifanya kazi ya izini mwaka wote, bila mushahara, na kusema na mwenzako ilikuwa ni makosa. Freeman alipigwa ubao kichwani, ubao ukapasuka, na tangu siku ile masikio yakafa na akili ikaanza kupotea. Alipotoka mwaka 1845, alikuwa na neno moja tu: nilifanya kazi miaka mitano, nani atanilipa? Akazunguka kwa wakubwa wa sheria, wakamufukuza. Mwezi wa tatu 1846 akaingia usiku katika nyumba ya mulimaji John Van Nest, akaua watu wane, mutoto mudogo kati yao. Ile jamaa haikumukosea kitu.

Mji wote ukawaka. Watu walitaka kumunyonga bila kungoja tribinali. Juji alipouliza nani atamusemea mutu huyu, Seward akasimama. Baba mukwe wake alikuwa amemukataza, rafiki zake waliona anaharibu jina lake, lakini Frances alikuwa upande wake. Hakusema kwamba Freeman hakuua. Alisema mutu mwenye akili iliyovunjika hawezi kuhukumiwa sawa mutu muzima, na kwamba Freeman angekuwa muzungu watu wangeona ugonjwa wake mara moja. Alishindwa. Freeman akahukumiwa kunyongwa. Seward akapeleka kesi juu zaidi, na ile hukumu ikavunjwa. Mbele ya kesi mupya, mwezi wa nane 1847, Freeman akafa gerezani kwa kifua kikuu. Waganga walipopasua kichwa chake, wakaona ubongo ulikuwa mugonjwa.

Mwaka ule wa 1847 Seward na avoka mwenzake Salmon Chase walimutetea bure John Van Zandt, mulimaji wa Ohio aliyebeba watumwa tisa watoro katika gari lake. Hapo pia walishindwa. Lakini nyumba ya Seward pale Auburn iliendelea kuwaficha watoro, na mwaka 1859 akamuuzia Harriet Tubman nyumba na shamba, tena kwa mukopo.

Mwaka 1861 Rais Lincoln akamufanya minisitiri wa mambo ya inchi za kigeni. Usiku ule Lincoln alipopigwa risasi, tarehe 14 Aprili 1865, mutu mwingine aliingia na kisu chumbani mwa Seward. Akapona, uso ukibaki na kovu. Mwaka 1867 akanunua Alaska kwa dola 7.200.000, na wengi wakamucheka juu ya barafu yake. Alikufa Auburn tarehe 10 Oktoba 1872. Kisha wakapata zahabu kule, na tangu 1911 mpaka 1938 mgodi wa Kennecott ukatoa shaba mingi.

Watu wanakumbuka ile shaba na zahabu. Lakini ulizo la Freeman, nani atanilipa, hakuna aliyelijibu mpaka alipokufa. Seward alikubali kusimama mbele ya juji na kuonyesha kile kilichomuvunja.