Chopin: Bingwa wa piano aliyeuogopa umati

Frédéric Chopin ni miongoni mwa wapiga piano mashuhuri kuliko wote waliopata kuishi barani Ulaya, lakini katika maisha yake yote alipiga hadharani takribani mara 30 tu. Mialiko haikukosekana. Mtu huyu, ambaye muziki wake uliwatoa wengine machozi, aliuogopa umati.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw, baba yake akiwa Mfaransa na mama yake Mpoland. Utotoni hofu hiyo haikuonekana. Kabla hajatimiza miaka minane alikwishapiga piano mbele ya watu katika tamasha la hisani. Woga ulimjia pamoja na umri na sifa. Alipojitokeza mjini Vienna mwaka 1829 alishangiliwa, ila wapo waliolalamika kwamba sauti ya piano yake ilikuwa ndogo mno kwa ukumbi mkubwa.

Mwaka uliofuata alimweleza rafiki yake kwa barua kwamba siku tatu za kungojea onyesho zilikuwa mateso yasiyoelezeka. Hata hivyo, mwezi Oktoba mwaka huohuo, alipowaaga watu wa Warsaw, woga ulimwondoka kabisa, akapiga kana kwamba yuko peke yake chumbani. Wiki tatu baadaye aliondoka nchini. Nyuma yake Wapoland waliinuka dhidi ya utawala wa Urusi na maasi yao yakazimwa. Chopin hakurudi tena.

Mjini Paris, alikohamia mwaka 1831, mpiga piano aliyetaka jina na fedha alipaswa kujaza kumbi, kama alivyofanya Franz Liszt. Liszt alikuja kusimulia kwamba Chopin alimkiri kuwa pumzi za umati zilimkaba na nyuso za wageni zilimfanya bubu. Lakini Chopin hakuacha muziki, wala hakujilazimisha kuwa Liszt. Alitafuta riziki kwa kufundisha, akitoza faranga 20 kwa kipindi, na kwa kuuza tungo zake. Jioni alipiga katika sebule za marafiki, ambako mguso wake mwepesi ulisikika hadi kiti cha mwisho.

Ilipombidi kupanda jukwaani, alikuwa na utaratibu wake. Mpiga piano mwenye hofu hushawishika kurudiarudia vipande atakavyopiga hadi dakika ya mwisho. Chopin, kwa mujibu wa mmoja wa wanafunzi wake, alifanya kinyume: alijifungia kwa wiki mbili akipiga tungo za Mjerumani Johann Sebastian Bach, bila kuzigusa zake mwenyewe. Mikono ilipata mazoezi na akili ikapata utulivu.

Aprili 1841, baada ya miaka kadhaa ya kukwepa maonyesho ya aina hiyo, alikubali kupiga katika ukumbi wa Pleyel mjini Paris. Mwandishi George Sand, aliyeishi naye, alieleza kwa mzaha jinsi Chopin alivyokataa mabango, ratiba iliyochapishwa na hadhira kubwa. Tiketi ziliuzwa hata hivyo. Kwa saa mbili alipata zaidi ya faranga 6,000, sawa na malipo ya vipindi 300 vya kufundisha. Kila alipokataa kupiga hadharani, basi, aliipa kisogo fedha halisi.

Februari 1848, akiwa amedhoofishwa na maradhi ya kifua, alipiga Paris kwa mara ya mwisho mbele ya watu wapatao 300. Siku chache baadaye mapinduzi yalimwangusha mfalme wa Ufaransa, wanafunzi wake matajiri wakatawanyika, naye akaenda Uingereza kutafuta riziki. Mjini Manchester alilazimika kupiga mbele ya watu wapatao 1,200, umati wa aina aliyoikimbia maisha yake yote.

Onyesho lake la mwisho kabisa lilifanyika Novemba 16, 1848, katika jumba la Guildhall mjini London. Alikuwa mgonjwa mno, na wengi waliohudhuria walivutiwa zaidi na dansi kuliko piano. Hapo hakuwa na sebule, marafiki wachache, wala masharti yake ya kawaida. Alipiga hata hivyo, kwa kuwa fedha zilikuwa za kuwasaidia wakimbizi wa Kipoland, watu waliopoteza nchi kama yeye.

Chopin alifariki dunia Paris, Oktoba 17, 1849, akiwa na miaka 39. Mwili wake ulizikwa huko, na moyo wake ukapelekwa Warsaw. Katika mji huohuo, tangu mwaka 1927, hufanyika mashindano ya piano yanayobeba jina lake. Vijana kutoka pande zote za dunia huketi peke yao jukwaani, mbele ya majaji na ukumbi uliojaa, wakipiga muziki wa mtu ambaye angeelewa vyema kwa nini vidole vyao vinatetemeka.