Herbert Chapman

Herbert Chapman (Kiveton Park, Yorkshire, 19 Januari 1878 – Hendon, London, 6 Januari 1934) alikuwa mchezaji na baadaye meneja wa mpira wa miguu nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuziongoza klabu za Huddersfield Town na Arsenal, ambazo kila moja ilitwaa ubingwa wa ligi mara mbili mikononi mwake. Pamoja na hayo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika mchezo huo kumfikiria kwa makini mtu anayelipa kiingilio: atafikaje uwanjani, ataona nini akiwa amesimama mbali, atamtambuaje mchezaji, na kwa nini arudi Jumamosi ijayo. Mapendekezo yake kadhaa yalikataliwa na viongozi wa mpira wa wakati wake, yakaja kukubaliwa yeye akiwa ameshafariki.

Maisha ya awali

Chapman alizaliwa katika kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe karibu na Sheffield. Baba yake alikuwa mchimbaji asiyejua kusoma, lakini Herbert alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa migodi huko Sheffield. Elimu hiyo ilimfaa maisha yake yote, kwa sababu tofauti na wachezaji wengi wa siku zile hakuutegemea mpira peke yake. Alimwoa Annie Poxon, aliyekuwa mwalimu, wakapata watoto wanne.

Kama mchezaji hakung'ara. Alihama kutoka klabu moja hadi nyingine, zikiwemo Grimsby Town, Northampton Town, Sheffield United, Notts County na Tottenham Hotspur. Huko Tottenham alikumbukwa zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya njano kuliko kwa mabao. Ndugu yake Harry ndiye aliyekuwa mchezaji wa kutajwa katika familia. Alitwaa ubingwa wa Uingereza na klabu ya The Wednesday ya Sheffield mwaka 1903 na 1904.

Northampton na Leeds

Mwaka 1907 alipewa kazi ya mchezaji na meneja kwa pamoja katika klabu ya Northampton Town, ambayo ilikuwa imemaliza mkiani mwa Ligi ya Kusini. Misimu miwili baadaye, 1908–09, klabu hiyo hiyo ilikuwa bingwa. Mwaka 1911 alimsajili Walter Tull kutoka Tottenham. Tull, ambaye baba yake alitoka Barbados, alikuwa mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza katika daraja la juu la Uingereza. Alikuwa amewekwa kando na klabu yake baada ya kutukanwa na watazamaji kwa sababu ya rangi yake. Huko Northampton alicheza mechi zaidi ya 100, kabla ya kwenda vitani ambako aliuawa mwaka 1918 akiwa afisa wa jeshi.

Mwaka 1912 Chapman alihamia Leeds City, klabu ya daraja la pili iliyokuwa inaomba kura ya kubakizwa katika ligi. Msimu wa kwanza ilimaliza nafasi ya 6, wa pili nafasi ya 4, na watazamaji wakaongezeka. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaharibu kila kitu. Kuanzia mwaka 1916 Chapman alikuwa akisimamia kazi katika kiwanda cha silaha cha Barnbow, karibu na Leeds.

Vita vilipokwisha, Leeds City ilishtakiwa kwa kuwalipa wachezaji wa muda kinyume cha kanuni wakati wa vita. Viongozi wake walikataa kutoa vitabu vya hesabu. Mwezi Oktoba 1919 klabu ilifukuzwa katika ligi na wachezaji wake wakauzwa kwa mnada hotelini. Chapman naye alifungiwa, akarudi kufanya kazi ya kiwandani katika mji wa Selby. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 41, na ilionekana kwamba habari yake katika mpira imekwisha.

Huddersfield Town

Aliyemfungulia mlango ni Huddersfield Town, klabu iliyokuwa na historia yake ya kusikitisha. Mji wa Huddersfield ni mji wa viwanda vya sufu na ulikuwa ngome ya mchezo wa raga. Mpira wa miguu ulikuja nyuma. Watazamaji walikuwa wachache, madeni yalikuwa makubwa, na mwaka 1919 mwenye klabu alitaka kuihamishia Leeds ili kujaza pengo la klabu iliyofukuzwa. Wakazi wa Huddersfield waliofikiriwa kuwa hawajali mpira waliposikia hivyo walianza kuchanga fedha, wakaizuia isiondoke. Katika msimu huo huo timu ilipanda daraja la kwanza na kufika fainali ya Kombe la FA.

Klabu hiyo ilimsaidia Chapman kukata rufaa. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa ya Leeds yalitendeka yeye akiwa Barnbow. Alifunguliwa, na mwaka 1921 akawa meneja. Alimleta Clem Stephenson kutoka Aston Villa awe kiongozi wa vijana, akatwaa Kombe la FA mwaka 1922, kisha ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925. Ubingwa wa kwanza ulipatikana kwa uwiano wa mabao tu dhidi ya Cardiff City. Huddersfield waliuchukua tena mwaka 1926, Chapman akiwa ameshaondoka.

Kuhamia Arsenal

Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, kusini ya mto Thames. Huko watu walikuwa shida kupatikana, hivyo mwaka 1913 mwenyekiti wake, Henry Norris, aliihamishia Highbury, kaskazini mwa London. Sababu moja ya kuchagua mahali hapo ilikuwa stesheni ya treni ya chini ya ardhi iliyoitwa Gillespie Road, hatua chache tu kutoka uwanjani. Hata hivyo miaka 12 baadaye klabu ilikuwa haijawahi kushinda taji lolote kubwa. Norris alitoa tangazo la kazi gazetini akiwaonya wale waliozoea kununua wachezaji kwa fedha nyingi kwamba wasijisumbue kuomba. Chapman aliomba, akapata kazi mwezi Juni 1925, akaanza mara moja kununua wachezaji.

Wa kwanza alikuwa Charlie Buchan wa Sunderland, mshambuliaji maarufu aliyekuwa na umri wa miaka 33. Sunderland walitaka pauni 4,000, Norris hakutaka kuzitoa. Wakakubaliana pauni 2,000 taslimu na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga katika msimu wa kwanza. Buchan alifunga mabao 21, kwa hiyo Norris alilipa zaidi ya bei aliyoikataa. Lakini mtu akitazama upande wa pili wa hesabu, mkataba wa namna hiyo ulikuwa tangazo tosha, kwani kila bao lilikuwa habari.

Mwaka huo wa 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa na mabao yakawa mengi. Baada ya Arsenal kufungwa 7–0 na Newcastle United mwezi Oktoba, Buchan alisisitiza kwamba kiungo wa kati arudishwe nyuma awe beki wa tatu. Chapman alikubali, na kwa miaka iliyofuata akaujenga mpangilio uliokuja kuitwa WM kwa sababu ya umbo lake ukichorwa ubaoni. Arsenal walingoja nyuma, wakanyang'anya mpira, wakashambulia kwa kasi. Wapinzani waliokuwa wakitawala mchezo kisha wakafungwa waliwaita Arsenal wenye bahati.

Norris alifungiwa na Chama cha Mpira mwaka 1929 kwa matumizi mabaya ya fedha za klabu. Baada yake Chapman alikuwa na uhuru ambao mameneja wachache wa Uingereza walikuwa nao, maana desturi ilikuwa wakurugenzi kupanga timu na meneja kuwa kama karani.

Wachezaji wa kuvuta watu

Mwezi Oktoba 1928 Arsenal walimnunua David Jack kutoka Bolton Wanderers kwa pauni 10,890, bei ambayo haikuwahi kulipwa duniani. Mwaka 1929 wakaja Cliff Bastin, kijana kutoka Exeter City, na Alex James, Mskoti mfupi wa Preston North End aliyevaa kaptula pana iliyofika magotini. Kwa kuwa kanuni hazikuruhusu mshahara kuzidi pauni 8 kwa wiki, James alitafutiwa kazi ya pembeni katika duka kubwa la Selfridges kwa pauni 250 kwa mwaka. Uongozi wa ligi ulichunguza jambo hilo kabla ya kuruhusu uhamisho wake.

Tarehe 26 Aprili 1930 Arsenal waliifunga Huddersfield 2–0 katika fainali ya Kombe la FA, taji kubwa la kwanza katika historia yao. Kwa heshima ya mtu aliyezijenga timu zote mbili, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa sambamba, jambo ambalo limekuwa desturi ya fainali hiyo hadi leo. Ubingwa wa ligi ulifuata msimu wa 1930–31, kwa mabao 127. Ilikuwa mara ya kwanza kombe la ligi kwenda kusini mwa Uingereza. Walilitwaa tena msimu wa 1932–33.

Wakati huo ulikuwa wa mdororo wa uchumi na ukosefu wa kazi, hasa kaskazini. Klabu tajiri ya London iliyopachikwa jina la Benki ya Uingereza haikupendwa kila mahali, lakini ilijaza viwanja ilikokwenda: wengi walilipa ili waione ikishindwa. Walsall, timu ndogo ya daraja la tatu, iliwapa furaha hiyo tarehe 14 Januari 1933 kwa kuitoa Arsenal katika Kombe la FA kwa mabao 2–0. Chapman alikuwa na wachezaji kadhaa wagonjwa wa mafua, lakini hakusamehe. Tommy Black, beki aliyesababisha penalti, aliuzwa Plymouth Argyle bila kukanyaga tena Highbury. Upole haukuwa sifa ya meneja huyu pale jina la klabu lilipohusika.

Stesheni, jezi, saa na taa

Kazi yake iliyodumu kuliko mataji ni hii ya nje ya mchezo wenyewe.

Kwanza ilikuwa stesheni. Maelfu ya watu walishuka Gillespie Road kila mechi ya nyumbani, lakini jina hilo la mtaa halikumwambia mgeni chochote. Chapman aliibana kampuni ya reli ibadilishe jina. Halikuwa ombi dogo, kwa sababu ilibidi tiketi, ramani na mitambo ya kutolea tiketi vibadilishwe pia. Mwishoni mwa 1932 stesheni iliitwa Arsenal (Highbury Hill), na baadaye likabaki Arsenal peke yake. Hivyo kila abiria aliyesoma ramani ya treni za London, awe mpenda mpira au la, alilisoma jina la klabu bila klabu kulipia tangazo. Hakuna stesheni nyingine ya chini ya ardhi London iliyopewa jina la klabu ya mpira. Ukutani mwa jukwaa la abiria, vigae vya zamani vyenye jina la Gillespie Road vipo hadi sasa.

Namba za mgongoni alizijaribu tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal walipocheza na Sheffield Wednesday. Siku hiyo hiyo Chelsea nao walifanya hivyo. Sababu ilikuwa rahisi: mtazamaji aliyesimama juu nyuma kabisa hakuweza kujua nani ni nani. Viongozi wa ligi walikataa. Namba zilifanywa kanuni mwaka 1939.

Saa kubwa iliyoonyesha dakika 45 za kila kipindi ilipata upinzani kutoka Chama cha Mpira, kilichoona kwamba inaingilia madaraka ya mwamuzi. Chapman aliigeuza kuwa saa ya kawaida ya masaa 12. Saa hiyo baadaye ilihamishiwa upande wa kusini, ambao mashabiki waliuita Upande wa Saa. Taa nazo ni hivyo hivyo. Baada ya kuona mechi ya usiku barani Ulaya, alizifunga Highbury, kwa kuwa mfanyakazi asiye na nafasi mchana angeweza kuja jioni. Chama hakikuruhusu zitumike katika mechi rasmi, na Uingereza ilisubiri hadi miaka ya 1950. Alitetea pia mpira mweupe unaoonekana vizuri, na mashindano ya klabu za Ulaya nzima, zaidi ya miaka 20 kabla hayajaanzishwa.

Jezi ya Arsenal ilikuwa nyekundu tupu. Tarehe 4 Machi 1933, dhidi ya Liverpool, timu ilitokea na mikono meupe, ili wachezaji waonane kwa urahisi na jezi isifanane na nyingine.

Uwanja wenyewe ulikua. Jukwaa jipya la magharibi lilifunguliwa na mtoto wa mfalme mwezi Desemba 1932. Ili kuinua kingo za kusimamia, watu wa jirani waliombwa walete kifusi na takataka. Husimuliwa kwamba farasi wa mfanyabiashara wa makaa alitumbukia shimoni pamoja na mkokoteni wake, akaumia vibaya hata ikabidi auawe na kuzikwa palepale. Kuanzia 1930 Arsenal walicheza kila mwaka na Racing Club de Paris kwa ajili ya kuwasaidia waliopigana vita vya kwanza vya dunia. Mechi hizo ziliendelea hadi 1962 na kuitangaza klabu nje ya kisiwa chake.

Kifo

Mwanzoni mwa Januari 1934, Arsenal ikiongoza ligi, Chapman alisafiri kaskazini kutazama mechi na kuwachunguza wapinzani waliofuata. Alirudi na mafua. Badala ya kupumzika alikwenda Guildford katika baridi kuitazama timu ya tatu. Mafua yaligeuka kuwa nimonia, akafariki nyumbani kwake Hendon usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, akiwa na umri wa miaka 55. Siku hiyo hiyo wachezaji wake waliingia uwanjani Highbury na kutoka sare ya 1–1 na Sheffield Wednesday. Alizikwa katika kanisa la Mt. Maria, Hendon.

Arsenal walitwaa ubingwa msimu huo na uliofuata. Tarehe 9 Machi 1935 watu 73,295 waliingia Highbury kutazama mechi na Sunderland, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa tena uwanjani hapo.

Kumbukumbu

Sanamu ya kichwa chake iliyochongwa na Jacob Epstein iliwekwa katika lango kuu la Highbury. Mwaka 2003 aliingizwa katika kundi la kwanza la watu mashuhuri wa mpira wa Uingereza, na mwaka 2005 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa katika nyumba yake ya Hendon. Sanamu yake nzima ilizinduliwa nje ya uwanja mpya wa Arsenal mwezi Desemba 2011.

Mikono meupe ya jezi imebaki. Kuanzia msimu wa 2018–19 mkono wa kushoto ulibeba maneno ya kuwaalika watalii Rwanda, chini ya mkataba wa klabu na nchi hiyo.