Bwana Mathews wa Unguja

Lloyd Mathews, aliyezaliwa Madeira mwaka 1850, alifika Unguja akiwa ofisa katika manowari iitwayo London, iliyoyavizia majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Seyyid Barghash akaazimwa kijana huyu amfundishie askari, wala hakurudi tena kazi ya bahari. Mwaka 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa serikali.

Seyyid Hamoud alipotoa amri juu ya utumwa mwaka 1897, kuitimiza kulikuwa juu yake. Amri ile haikuwafungua wote siku moja: kila mtumwa ilimpasa aende mwenyewe barazani kuomba uhuru, na bwana wake alipwe fidia. Twaona ni mwendo wa polepole mno kwa mtu aliyewahi kuwafukuza wachuuzi wa watu. Alifariki Unguja mwaka 1901, akazikwa huko huko. Masuria, walioachwa nje ya amri, walingoja hata mwaka 1909.