Maisha ya Julius Nyerere, Mwanafunzi wa Tabora

Jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere si geni kwetu hapa Kinama. Wazee wetu hulitaja kila wanapozungumza habari za mapatano ya Arusha. Lakini wengi wanamjua akiwa mzee mwenye mvi na kifimbo mkononi. Mimi nataka kuwasimulia habari za kijana aliyeishi bwenini chini ya amri za viranja, maana naona kwamba mambo aliyoyaona shuleni hayakumtoka moyoni mpaka kufa kwake.

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922, katika kabila dogo la Wazanaki. Siku hiyo mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alichunga mbuzi na kushika jembe kama watoto wengine. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Baada ya miezi sita walimu waliona kwamba darasa lake halimtoshi, wakamrusha darasa moja.

Mwaka 1937 alikwenda Tabora, kwenye shule ya sekondari ya serikali. Shule hiyo ilianzishwa na Waingereza ili kuwafundisha watoto wa machifu kazi ya kutawala, na baadaye wakapokelewa pia wavulana walioshinda mitihani. Ilifuata mtindo wa shule za mabwana wa Uingereza, hata watu wakaiita Eton ya Afrika. Amri zilishuka ngazi kwa ngazi kama jeshini: juu mwalimu mkuu, kisha walimu, kisha viranja, na chini kabisa wavulana wageni. Wala haishangazi kwamba baada ya uhuru shule hiyo hiyo ilipata sifa ya mchepuo wa kijeshi, wanafunzi wakivaa magwanda na kucheza kwata. Mbegu ya utii ilikuwa imekwisha kupandwa zamani.

Katika nyumba hiyo ya amri Kambarage hakuwa mtu wa michezo. Wenzake walipokimbilia mpira yeye alishika kitabu, na kwa vitabu vya maktaba Kiingereza chake kikawa kizuri sana. Alipenda mno kushindana katika mitihani, akitaka awe wa kwanza. Alikuwa mstari wa mbele katika majadiliano ya shule, tena alisaidia kuanzisha kikosi cha skauti. Basi msidhani kwamba alichukia nidhamu. Skauti ni nidhamu, na majadiliano pia yana sheria zake.

Alichochukia ni kitu kingine. Viranja wa Tabora walikuwa na upendeleo wao, hata katika chakula: walipata fungu maradufu huku wadogo wakitazama. Kambarage alisema wazi kwamba jambo hilo si haki. Hakukataa kuwe na viranja, maana watu wengi hawawezi kukaa pamoja pasipo mwenye kuwaongoza. Alikataa kiranja kushiba kwa sababu tu ni kiranja. Baadaye walimu walipendekeza awe kiranja mkuu, lakini mwalimu mkuu alikataa, akiona kwamba kijana huyu ni mpole mno hata hawezi kutawala wenzake. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyekuja kuongoza nchi nzima kwa miaka zaidi ya 20 alinyimwa uongozi wa shule kwa kosa la upole!

Tena aliuonja ukali wa sheria zile. Mwezi wa Machi 1942, akiwa katika mwaka wake wa mwisho, baba yake alifariki dunia. Aliomba ruhusa ya kwenda mazishini, akakataliwa. Alibaki Tabora, na mzee akazikwa bila yeye. Hapo tunaona sheria ilivyo inaposahau kwamba inawahusu wanadamu.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, na Desemba ya mwaka huo akabatizwa kwa jina la Julius. Alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St Mary's, kisha akaenda Edinburgh kusoma, 1949 mpaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu ili atumikie siasa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Uhuru ulikuwa mchanga bado askari walipoasi. Tarehe 20 Januari 1964 kikosi cha Dar es Salaam kiliasi kikidai mishahara mizuri zaidi na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Kesho yake askari wa Tabora wakafuata, katika mji ule ule wa shule yake. Ikambidi Nyerere kuomba msaada wa jeshi la Uingereza, jambo lililomtia aibu kubwa. Alilivunja jeshi la zamani, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa jeshi jipya lililotoka kwa wananchi wenyewe.

Mwaka 1966 zamu ilikuwa ya wasomi. Serikali iliagiza kila anayemaliza masomo ya juu alitumikie taifa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa na katika kazi, huku sehemu kubwa ya mshahara wake ikikatwa. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga. Nyerere alikasirika, akawafukuza mamia warudi makwao. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nadhani hapo alikuwa bado yule kijana wa Tabora. Alimwamuru mwingine kukaza mkanda, na yeye akakaza wake.

Tusimfanye malaika. Yeye aliyechukia ukali wa sheria alikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu, na miaka ya 1970 watu wengi wa mashambani walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya. Mwenye mamlaka, hata akiwa mwema, huweza kusahau machozi yake ya ujana. Ila Nyerere alijua kuondoka: mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima.

Kutoka shambani huko aliitwa kutusaidia sisi. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 vilichoma mitaa yetu, na wengi wa Kinama walikimbia. Yeye alikuwa mpatanishi, na mazungumzo ya Arusha yakaanza mwaka 1998. Moja ya maswali magumu lilikuwa la jeshi: nani aingie, nani aamuru. Hakuuona mwisho wake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, siku moja baada ya ukumbusho wa Rwagasore wetu. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, Mandela akiwa mpatanishi. Humo ilikubaliwa kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi.

Basi, ndugu wasomaji, mwaka huu mimi ni kiranja. Naandika majina ya wachelewaji, nao wadogo hunipisha mstarini wakati wa chakula. Zamani nilipita mbele bila kufikiri. Tangu nisome maisha haya nasimama nyuma yao, na siku nyingine maharage huwa yamekwisha. Njaa hiyo si kubwa. Ninachojua ni kwamba sasa nikimwambia mtu awahi, ananitazama usoni na kunisikiliza.