Kodi Tatu za George Mukabi

Umepata kinanda cha mtumba, ama umeruhusiwa kugusa kile cha kanisani hapo Myanga, na sasa vidole vimegoma. Do-mi-so unaipiga vizuri. Ukitakiwa kuhamia fa-la-do, mkono unasimama njiani kama matatu iliyoishiwa mafuta. Kabla hujakata tamaa, hebu nikupe habari za jirani yako mmoja.

Toka Myanga, pita Mumias, endelea hadi pande za Butere. Huko ndiko Kisa, alikozaliwa George Mukabi karibu mwaka 1930. Pengine jina hilo hulijui, lakini babu yako analijua. Mtajie "Sengula Nakupenda" au "Mtoto si Nguo" uone kama hatatabasamu.

Mukabi hakuwa mtu wa piano. Chombo chake kilikuwa gitaa kavu, lisilo na umeme, na vidole viwili ndivyo vilivyofanya kazi. Dole gumba lilibeba besi, kidole cha shahada kikacheza ile sauti ya kuimba. Kando yake mtu aligonga chupa ya soda kushika mwendo. Mtindo huo unaitwa omutibo, na ukiusikiliza vizuri utasikia sukuti ndani yake, zile ngoma za Waluhya zinazojibizana, kubwa, ya kati na ndogo. Yaani jamaa alichukua ngoma tatu akazitia kwenye nyuzi sita! Tena aliimba Kiswahili, kwa hivyo hata asiyejua Kiluhya alielewa.

Sasa sikia hili. Nyimbo nyingi za mtindo huo hazihitaji zaidi ya kodi tatu (kodi za muziki, usije ukafikiria KRA): ya do, ya fa na ya so. Ndizo hizo zinazokutoa jasho.

Kwa hivyo fanya alivyofanya yeye. Mkono wa kushoto uwe dole gumba lake: noti moja tu, kwenye hesabu ya moja na ya tatu. Wa kulia ujibu kwa kodi kwenye mbili na nne. Mguu ndio chupa ya soda. Na usirukeruke. Kutoka do-mi-so, acha dole gumba palepale kwenye do, vile vingine visogee kidogo upate do-fa-la. Ukirudi, acha so ilipo, teremka upate ti-re-so. Polepole, hata kama mwendo ni wa kobe. Mwendo ukikatika hakuna atakayecheza, hata kodi zikiwa sahihi.

Mukabi mwenyewe hakupewa muda mrefu. Mwaka 1963, ule ule wa uhuru, aliuawa akiwa na miaka thelathini na kitu. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, ndiye aliyekuja kushika gitaa na kuendeleza omutibo.