Maisha ya William Cowper, Mtunga Nyimbo

Katika sharika zetu wamo watu waliopatwa na ugonjwa wa akili. Wengine wamekwisha kufariki, na jamaa zao huona haya kuwataja, tena huulizana kwa siri kama mtu aliyekufa bila tumaini kinywani mwake aweza kuhesabiwa miongoni mwa waaminio. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia habari za mtunga nyimbo mmoja wa Uingereza.

William Cowper alizaliwa mwaka 1731 katika mji wa Berkhamsted, ambako babaye alikuwa mchungaji. Alipokuwa na umri wa miaka sita mamaye alifariki, na huzuni ile haikumtoka. Hata mwaka 1790, alipoletewa picha yake, alitunga shairi la kumlilia.

Alisoma sheria, na mwaka 1763 alitafutiwa kazi ya uandishi katika Baraza la Malodi. Lakini ilimpasa kwanza kuulizwa maswali mbele ya baraza. Hofu ya siku ile ikamlemea hata akili zake zikachafuka, akajaribu kujiua. Akapelekwa St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kuuguzia wagonjwa wa namna hiyo, mtu mpole na mcha Mungu. Huko, mwaka 1764, alipokuwa akisoma Waraka kwa Warumi, moyo wake ukapata amani.

Alipotoka, alikaa Huntingdon katika nyumba ya mchungaji Morley Unwin. Mchungaji huyo alipokufa mwaka 1767 kwa kuanguka toka juu ya farasi, Cowper na mjane wake, Mary Unwin, walihamia Olney, ambako mchungaji alikuwa John Newton. Newton huyu zamani alikuwa nahodha wa merikebu za kuchukua watumwa toka Afrika ya Magharibi, kisha akatubu. Wawili hawa wakawa marafiki, wakatunga pamoja kitabu cha nyimbo za kanisa kilichopigwa chapa mwaka 1779.

Lakini kabla ya kitabu kumalizika, mwaka 1773, ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Cowper akasadiki ya kuwa Mungu amemtupa milele, yeye peke yake katika watu wote. Akajaribu tena kujiua. Akaikimbilia nyumba ya Newton, akakaa humo zaidi ya mwaka mmoja, wala Newton na mkewe hawakumfukuza. Bibi Unwin naye akamwuguza usiku na mchana, ingawa katika ugonjwa wake Cowper alidhani ya kuwa bibi huyo amchukia.

Akili zilipotulia kidogo, alipewa mtoto wa sungura amfuge. Punde wakawa watatu. Akawatengenezea vibanda kwa mikono yake mwenyewe, akalima bustani, akarudia kutunga. Mwaka 1785 alitoa utenzi wake mkubwa uitwao The Task, na mwaka 1788 alitunga mashairi ya kuupinga utumwa wa Waafrika. Watu wengi walifurahiwa na kazi zake, na huku yeye mwenyewe hakuingia tena kanisani, kwa kuwa alijiona amekatazwa.

Baadaye Bibi Unwin alipatwa na kupooza, na sasa ikawa zamu ya Cowper kumtunza yule aliyemtunza. Mwaka 1795 kijana wa ukoo wake, John Johnson, aliwachukua wote wawili mpaka Norfolk. Bibi Unwin alifariki mwaka 1796. Shairi la mwisho kubwa la Cowper, la mwaka 1799, lahusu baharia aliyeanguka baharini huku merikebu ikienda zake. Tarehe 25 Aprili 1800 alifariki katika mji wa East Dereham, na kiza kile hakikuwa kimemwondokea.

Newton, aliyekuwa mzee sana wakati ule, alihubiri kwa kumkumbuka rafiki yake. Hakumhesabu kuwa amepotea. Alimjua kwa zaidi ya miaka thelathini, naye alijua kupambanua maneno ya ugonjwa na moyo wa mtu.

Basi, ndugu, twajifunza nini? Kwanza, ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Mgonjwa apelekwe kwa waganga wanaoujua, wala asifungwe kamba wala kufichwa nyuma ya nyumba. Pili, asiachwe peke yake. Cowper aliishi miaka zaidi ya thelathini na sita tangu alipojaribu kujiua mara ya kwanza, kwa sababu daima palikuwa na mtu mlangoni pake. Tatu, tusimpime mtu kwa saa yake ya giza. Nyimbo za Cowper zimewafariji wengi alipokuwa yeye mwenyewe hana faraja. Ninyi mliofiwa na mpenzi wa namna hiyo, mtajeni kwa jina lake bila haya, mkayakumbuke maisha yake yote. Yeye asiyeweza kumshika Mungu, Mungu aweza kumshika.