Kapteni Speke na Ukuta wa Futi Mbili

Kila sikukuu viwanja vya Tibirinzi hujaa watoto, na katika vitu wanavyonunuliwa hazikosi bunduki za plastiki. Sisi wazee hukaa pembeni tukiwatazama wakilengana vifuani na kuangushana, tukacheka. Safari hii kicheko kilitukatika, kwa sababu tulikuwa tumetoka kusoma tena habari za mtu ambaye tulimfundisha darasani kwa miaka mingi bila kufundisha mwisho wake. Mtu huyo ni Kapteni John Hanning Speke. Tuliwakaririsha wanafunzi jina lake, mwaka 1858, ziwa na chanzo cha mto Nile, kisha tukafuta ubao. Habari za ukuta hatukuzitaja.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, Uingereza. Hakupenda shule, alipenda mashamba na uwindaji. Alipofika umri wa miaka 17 aliingia katika jeshi la Bengal kule Bara Hindi, akapigana vita vya Punjab, na kila alipopata likizo alikwenda milima ya Himalaya hadi Tibet kuwinda na kukusanya ngozi za wanyama na ndege. Basi alipofika Aden mwaka 1854 bunduki ilikuwa mkononi mwake kama wavu ulivyo kwa mvuvi. Jambo hili tunaomba msomaji alishike, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Mwaka uliofuata, 1855, yeye na Richard Burton na wenzao wawili walishambuliwa usiku kambini Berbera, pwani ya Somalia. Mwenzao mmoja, Luteni Stroyan, aliuawa, na Burton alichomwa mkuki uliopenya mashavu yote mawili. Speke alimwelekezea adui bastola karibu kabisa na kifua, akavuta, nayo ikakataa kulia. Alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mikuki mara nyingi mwilini na miguuni. Hata hivyo aliweza kukimbia na akapona. Siku hiyo aliyoitegemea silaha kwa roho yake, ilimnyima.

Desemba 1856 yeye na Burton walifika Unguja. Wengi hawajui kwamba Januari 1857, wakisafiri kwa jahazi kwenda Mombasa, walisimama siku moja katika kisiwa chetu hiki cha Pemba, wakaustaajabia ukijani wake. Kutoka Mombasa walikwenda kumwona Mchungaji Rebmann wa C.M.S. karibu na Rabai. Yeye na mwenzake Erhardt ndio waliochora ile ramani ya ziwa kubwa la bara iliyowatia hamu wazungu wa London.

Safari yenyewe ya bara ilianza Juni 1857. Tukiieleza yote tutajaza gazeti zima: homa, macho yaliyotiwa kiza, na mdudu aliyemwingia Speke sikioni kule Ziwa Tanganyika, akajaribu kumtoa kwa kisu hata sikio likaharibika. Aliyemfaa kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi na baadaye akarudi kwao Afrika. Wawili hao walisemezana Kihindustani. Burton alipougua Kazeh, yaani Tabora, Speke alikwenda kaskazini na Bombay, na tarehe 3 Agosti 1858, akiwa Mwanza, akaliona ziwa kubwa. Aliamini palepale kwamba ndilo chimbuko la Nile. Burton hakuamini, na urafiki wao ukavunjika.

Alirudi mara ya pili mwaka 1860 pamoja na Kapteni Grant, na Februari 1862 akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Miongoni mwa zawadi alizomletea zilikuwamo bunduki. Speke alipiga ng'ombe kwa bastola mbele ya baraza ili kuonyesha kazi yake, na watu wakashangilia. Kisha Kabaka akaishindilia bunduki mojawapo kwa mkono wake mwenyewe, akaupandisha mtambo, akampa mtoto aliyemtumikia, akamwambia atoke akampige mtu katika ua wa nje. Mtoto alitoka, mlio ukasikika, akarudi akichekelea kama mtoto aliyefaulu mtihani. Speke mwenyewe ameandika habari hii katika kitabu chake, na ameandika pia kwamba hakumwona mtu akiuliza ni nani aliyeuawa.

Wasomaji watasema hiyo haikuwa ajali, bali amri. Ni kweli. Lakini sisi tuliokaa na watoto miaka mingi tunamtazama yule mtoto. Aliipokea bunduki ikiwa tayari, imeshindiliwa, mtambo uko juu, na hakuna aliyemwambia neno lolote kuhusu kitu kile isipokuwa namna ya kukiliza. Speke alikuja na bunduki na jinsi ya kulenga. Katika habari zake hatusomi kwamba alikuja na jingine.

Tarehe 28 Julai 1862 aliyaona maporomoko ambayo Nile ilitokea ziwani, karibu na mahali ulipo mji wa Jinja leo. Maporomoko hayo yamekwisha kufunikwa na maji tangu bwawa la Owen lilipojengwa mwaka 1954. Mwaka 1863 Speke alifika kwao akipokewa kwa shangwe, lakini ugomvi na Burton ukazidi magazetini, hata ikaamuliwa wakutane hadharani mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wataalamu. David Livingstone naye alikuwapo mjini.

Siku moja kabla ya mdahalo, mchana, wawili hao walikuwa katika ukumbi mmoja wasisemezane. Speke aliondoka kabla shughuli haijaisha, akaenda shamba la jamaa zake, Neston Park, kuwinda kware na binamu yake, George Fuller, na mtunza wanyama mmoja. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, ya kutiwa risasi kwa nyuma, isiyo na kizuizi cha usalama. Kiasi cha saa kumi alasiri alipanda ukuta mdogo wa mawe ili avuke. Ukuta huo ulikuwa na urefu wa futi mbili hivi. Mtoto wa darasa la pili angeuruka. Binamu yake, aliyekuwa mbele, alisikia mlio, akageuka, akamwona Speke akianguka.

Hakuna aliyeona jinsi ilivyofyatuka. Mtutu mmoja ulikuwa umelia, na mtambo wa ule wa pili ulikutwa umepandishwa nusu. Mtambo wa nusu wengi huuhesabu kuwa salama, lakini sivyo: ukigongwa kwenye jiwe au ukinaswa na tawi, unaweza kushuka na risasi ikatoka. Tena marisau, ambayo kwa mbali hutawanyika, kwa karibu huingia yote pamoja kama donge moja. Yalimwingia ubavuni upande wa kushoto, chini ya kwapa, yakaelekea moyoni. Aliomba asisogezwe. Baada ya robo saa hivi alikuwa amekufa, kabla mganga hajafika. Umri wake ulikuwa miaka 37.

Kila mwindaji aliyefundishwa anajua la kufanya penye ukuta au uzio: unafungua bunduki, unatoa risasi, unaihakikisha ni tupu, unaipitisha kwanza na kuilaza upande wa pili mtutu ukielekea mbali, ndipo unavuka mwenyewe. Ni kazi isiyofika dakika moja. Speke aliijua pengine kabla hajajua kunyoa ndevu. Lakini kware wako mbele, ukuta ni mfupi, na mtu amekwisha kuvuka kuta mia namna hiyo bila kudhurika.

Kesho yake baraza la uchunguzi lilikaa nyumbani kwa ndugu yake, likaamua kwamba kifo kilikuwa cha ajali. Siku hiyohiyo ukumbi wa Bath ulikuwa umejaa watu wakingoja mdahalo. Burton alipopewa habari alihuzunika sana. Baadaye wapo walionong'ona kwamba Speke alijiua kwa kuogopa kusimama mbele ya watu. Sisi tunakubaliana na baraza. Mtu anayetaka kujiua kwa bunduki ndefu ni shida kuielekeza chini ya kwapa lake. Tunadhani mnong'ono ule ulizaliwa kwa sababu watu hawawezi kukubali kwamba mjuzi naye hufanya kosa la mwanafunzi. Kwao ajali ni ya asiyejua. Hata hapa petu, mtu akiambiwa asielekeze silaha kwa mwenzake hujibu kwamba ni tupu, au kwamba yeye ameizoea.

Mwaka huohuo, tarehe 31 Agosti, Askofu Tozer na Dk. Steere walikuwa wameshuka Unguja kuianza kazi ya misheni yetu. Ugomvi wa Nile ulibaki bila jibu hata Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, ikaonekana kwamba Speke alisema kweli. Yeye alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja. Bombay aliishi hata mwaka 1885.

Walimzika katika kanisa la Dowlish Wake, Somerset, na Livingstone na Grant walikuwapo. Kule Neston, karibu na ule ukuta, liliwekwa jiwe lenye jina lake na tarehe, na maneno ya kueleza kwamba ni hapo alipopoteza maisha kwa kufyatukiwa na bunduki yake mwenyewe.